Karani Aliyesoma Midomo

Pale hospitalini walimwita Bi Kadi, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kulijua jina lake jingine. Alikuwa amekaa dirisha namba moja miaka ishirini na sita, mkono wa kulia kalamu, mkono wa kushoto muhuri. Waliokuja kujifungua, waliokuja kung'olewa meno, waliokuja kumsindikiza mtu wakaishia kulazwa wao, wote walipita kwake kwanza. Mwandiko wake ulinyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Madaktari walikuwa na msemo wao kwamba kadi ya Bi Kadi haitaki miwani.

Jambo ambalo hospitali nzima haikulijua ni kwamba Bi Kadi alikuwa hasikii.

Masikio yake hayakufa kwa siku moja. Yalimtoka taratibu, kama rangi ya shati inavyotoka kwa kufuliwa. Kwanza zilipotea sauti ndogo, birika likichemka, mtu akibisha hodi kwa adabu. Zikafuata sauti za watoto. Simu nayo ikawa kitu cha kutazama tu, ikiwaka na kuzimika mezani. Kufikia mwaka wa saba, sikio la kushoto lilikuwa na mvumo wa jokofu mchana na usiku, na la kulia likapokea sauti nzito peke yake, nazo mpaka mtu asogee.

Lakini macho yake yalikuwa mazima, na macho yalijifunza kazi ya masikio bila kufundishwa na mtu. Bi Kadi alisoma midomo. Aliisoma vizuri kiasi kwamba mtu angeweza kunong'ona upande wa pili wa kioo naye akaandika neno kwa neno. Kulikuwa na mitego yake. Neno "baba" na neno "mama", ukiyatazama bila kuyasikia, ni neno moja, midomo inafunga na kufunguka vilevile. Mtu akitaja mmoja wa hao, Bi Kadi alitulia kidogo kungoja maneno yanayofuata. Mara moja tu aliharakisha, akamwandikia mzee wa watu kadi ya kliniki ya wajawazito. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, na Bi Kadi akacheka kumzidi, na jambo likapita kama mzaha.

Kwa nini alificha? Bibi yake mzaa mama alikuwa kiziwi. Bi Kadi alikulia nyumba moja naye, na aliona jinsi watu wazima walivyomsema mbele ya uso wake kana kwamba ni kabati. "Mwambieni huyo asogee," walisema, naye yupo pale pale. Watoto walimwigiza, na Bi Kadi alikuwa mmoja wa watoto hao, tena ndiye aliyekuwa hodari wa kuigiza. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu. Masikio yake mwenyewe yalipoanza kumtupa mkono, aliwaza kuwa zamu yake imefika, akaamua kwamba haitafika mbele za watu.

Aliyejua ni mume wake peke yake. Yeye alikuwa fundi cherehani, kazi yake akiifanyia barazani kwao, mtu mpole mwenye sindano mbili tatu kwenye kola ya shati kila saa. Alijifunza kugonga meza kabla ya kusema, na kutosema akiwa amegeuza mgongo.

"Mwambie Matroni," alimwambia zaidi ya mara moja.

"Nikimwambia atanipeleka masjala nikaote kuvu na mafaili."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Haya si maradhi. Ni uzee."

"Una miaka hamsini na mbili."

"Basi uzee umewahi," alijibu Bi Kadi, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu mtu asiyesikia ana njia rahisi ya kumaliza mazungumzo. Anatazama pembeni.

Kila mwaka, baridi ilipoingia na vikohozi kuanza, hospitali ilibandika tangazo kwamba mpaka msimu wa mafua upite, watu wavae barakoa. Miaka ile ya ugonjwa mkubwa, barakoa zilipovaliwa kila mahali, sikio la kulia la Bi Kadi lilikuwa bado linajikongoja, naye alipita salama. Baada ya hapo sheria ya msimu ikawa ya wodini tu. Dirishani watu waliendelea kuja na nyuso zao.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Wiki ya kwanza ya baridi, watoto wawili waliolazwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa walipata mafua makali, na ikaonekana yameletwa na wageni waliokaa kwanza mapokezi wakikohoa pamoja. Watoto walipona, lakini Matroni hakungoja wa tatu. Jumatatu asubuhi tangazo lilikuwa langoni, kwenye ngazi na kwenye kila mlango: kuanzia leo hadi mwisho wa msimu, mgonjwa, mgeni na mfanyakazi, kila anayeingia ndani ya jengo avae barakoa. Mlangoni pakawekwa boksi la barakoa na mhudumu wa kuzigawa.

Bi Kadi hakuwa na ugomvi na sheria. Karani wa kadi ndiye mtu wa kwanza kukoholewa. Yeye mwenyewe kila msimu alilala siku nne kwa mafua aliyoletewa dirishani, na alijua kwamba anayeugua akiwa na afya ni tofauti na anayeugua akiwa ameshalala kitandani. Alilisoma tangazo mpaka mwisho, akakubali kila mstari wake. Kisha akaketi, akainua macho kwenye foleni, na foleni nzima ilikuwa haina midomo.

Hakuwahi kupata siku kama ile. Watu walisimama mbele yake, kitambaa kikapumua ndani na nje, na yeye akabaki na macho na nyusi za watu. Alipata neno moja kati ya matano, kwa sikio la kulia, kama mtu anayeokota sarafu gizani. Ikabidi atumie akili. Aliomba kitambulisho kabla ya salamu. Alisukuma kipande cha karatasi kupitia tundu la kioo: "Niandikie jina lako mwenyewe, nisije nikalikosea." Alisema, "Rudia, mwanangu, hii barakoa inameza maneno," na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa siku zile kila mtu alilalamika kwamba barakoa inameza maneno. Hata mwenzake wa dirisha namba mbili alilalamika. Huyo aliitwa Chapuchapu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Kwa hiyo udhaifu wa Bi Kadi ukajificha ndani ya malalamiko ya wote, na siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na wiki.

Ila jioni alirudi nyumbani kichwa kikimgonga. Mume wake alimtazama akila, akamwona ameacha nusu.

Siku ya Jumapili fundi alimwita barazani, akamwonyesha alichoshona. Ilikuwa barakoa ya kitambaa safi, na katikati, mahali pa mdomo, ameweka dirisha la plastiki angavu alilolikata kwenye mfuko uliofungiwa shati jipya. Mishono ilikuwa midogo na iliyolingana, kazi ya mtu aliyekaa nayo kwa upendo.

Bi Kadi aliigeuzageuza. "Ni nzuri," alisema. "Lakini hii nitaivaa mimi. Midomo yangu naijua. Ninayoitaka ni ya wale wanaosimama mbele yangu."

Fundi aliipokea, akaitazama upya. Ilionekana wazi kwamba hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo.

"Basi nitashona mia tatu," alisema mwishowe.

Aliivaa yeye ili amjaribie, akaanza kumsimulia habari za mteja aliyeleta suruali, na kabla suruali haijafika kiunoni dirisha lilikuwa limejaa mvuke kama kioo cha bafuni. Walicheka wote wawili, Bi Kadi mpaka akafuta machozi. Kisha kicheko kiliisha, na kesho yake ilikuwa Jumatatu.

Siku ya kumi na tisa ya barakoa, saa nne asubuhi, alikuja mwanamume mmoja mpana wa mabega, dereva wa lori, amemshika mama yake mkono. Mama alikuwa na jeraha mguuni lililoanza kuoza. Dereva alimketisha kwenye benchi, akaja dirishani na kofia yake mkononi. Alitoa kitambulisho cha mama, na jina na umri vikaenda vizuri. Ikafika sehemu ya kadi inayouliza dawa zinazomdhuru mgonjwa.

"Kuna dawa yoyote inayomdhuru mama?" aliuliza Bi Kadi.

Dereva alisema maneno mengi kidogo, huku akitikisa kichwa polepole, kulia na kushoto.

Bi Kadi aliandika: HAKUNA. Akagonga muhuri.

Aliyekuwa akichoma sindano siku hiyo alikuwa muuguzi mmoja makini, mwanamke mfupi aliyevaa saa kifuani. Alikuwa na desturi ya kuuliza tena hata kama kadi imeshajibu. Sindano ikiwa tayari mkononi, alimwinamia yule mama, akamuuliza kama aliwahi kudhurika na dawa. Mama akamwambia kuhusu penisilini. Miaka michache nyuma alichomwa, uso ukavimba hata macho yakafunga, wakamkimbiza akiwa hapumui vizuri. Muuguzi aliiweka sindano chini. Aliisoma kadi mara ya pili, akatoka nayo hadi mapokezi, dereva akimfuata.

Bi Kadi aliwaona kupitia kioo. Hakusikia kitu. Aliona muuguzi akimnyooshea dereva kadi, kidole kikigonga mahali pamoja. Aliona dereva akielekeza mkono dirishani. Aliona muuguzi akitikisa kichwa kwa nguvu, watu kwenye mabenchi wakigeuka, na yule mama, aliyekuwa amechechemea hadi mlangoni, akimtazama mwanawe akigombezwa mbele ya watu kama mtoto wa shule.

"Wanasemaje?" Bi Kadi alimuuliza Chapuchapu.

Chapuchapu alisogea karibu na sikio lake la kulia, bila kujua kwamba ndilo. "Kadi imeandikwa hana dawa inayomdhuru, kumbe penisilini inamvimbisha. Jamaa anadai alikwambia. Sista anamwambia asikusingizie, Bi Kadi hakosei."

Hapo ndipo alipokiona upya kile kichwa cha dereva kikienda kulia na kushoto. Mtu husema hapana kwa kichwa hivyo. Na mtu akikumbuka siku mama yake alipokaribia kufa mikononi mwake, naye hutikisa kichwa hivyo hivyo.

Angeweza kukaa kimya. Muuguzi alikuwa upande wake, hospitali nzima ilikuwa upande wake, miaka ishirini na sita ilikuwa upande wake. Dereva angefedheheka kidogo, angekwenda zake, na baada ya juma moja asingekumbukwa na mtu. Bi Kadi aliufunga muhuri kwenye kasha lake, akafungua mlango wa pembeni, akatoka.

"Sista, usimgombeze," alisema. "Aliniambia."

Muuguzi alimgeukia. Akasema kitu nyuma ya barakoa.

"Sijui unasema nini," alisema Bi Kadi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile aliyotumia kuwaambia watu wapange foleni. "Mimi sisikii. Miaka sasa. Nilikuwa nasoma midomo, na midomo yenu imefunikwa. Kijana huyu alinieleza, mimi nikamwona anatikisa kichwa, nikaandika hakuna. Kosa ni langu."

Muuguzi alibaki ameshika kadi bila kujua aipeleke wapi. Dereva alianza kusema, akakatiza. Akaona kalamu kwenye mfuko wa Bi Kadi, akaichomoa kwa heshima kama anayeomba, akaandika nyuma ya bahasha aliyokuwa nayo: *Hajachomwa. Yuko salama.* Akaigeuza ili asome.

Bi Kadi alisoma, kisha akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa.

Matroni alipoletewa habari hakumwita ofisini. Alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye mvi, akamshika Bi Kadi kiwiko na kumpeleka nje, nyuma ya jengo, mahali mashuka ya wodi yalipoanikwa. Nje sheria ya barakoa haikufika. Matroni aliishusha yake, na Bi Kadi akauona mdomo wa mtu kwa mara ya kwanza saa za kazi baada ya siku kumi na tisa.

"Tangu lini?" aliuliza Matroni.

"Huu mwaka wa saba."

Matroni aliyatazama mashuka. Kisha akamgeukia vizuri, uso kwa uso, kwa sababu alikuwa ameshaelewa namna ya kusema naye.

"Nisikilize. Nitazame, basi. Kutosikia si kosa. Ungekuja kwangu mwaka wa kwanza ningekutafutia daktari. Lakini umekaa kimya, na leo mama wa mtu angekufa kwa mwandiko mzuri. Hilo nimelikasirikia, na kesho nitakuwa bado nimelikasirikia."

"Ni haki yako, Matroni."

"Tangu barakoa zianze umeandika kadi ngapi?"

"Mia tisa na kumi na mbili."

"Zote zitapitiwa. Utazipitia wewe na mwenzako. Mengine tutazungumza baadaye."

Bi Kadi aliitikia. Alikuwa amengoja kufukuzwa, akawa na maneno tayari ya kufukuzwa. Kwa kazi hakuwa na maneno, akaenda kuianza.

Walikaa masjala siku kumi na moja. Kilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma na balbu mbili. Bi Kadi alitoa mafaili kwa tarehe, Chapuchapu akapiga simu kwa waliokwisha kwenda nyumbani, na waliolazwa wakafuatwa vitandani. Kila faili lilibandikwa utepe mwekundu mpaka mwenyewe aulizwe upya. Ndipo Bi Kadi alipomjua Chapuchapu. Kumbe ule upole wake ulikuwa na kazi yake. Alimuuliza kila mtu swali lile lile kwa sauti ile ile, akangoja jibu mpaka liishe, hata yule wa mia saba.

"Ulikuwa unajua?" Bi Kadi alimuuliza siku ya tatu.

Chapuchapu alichukua kipande cha karatasi, maana ndani ilibidi abaki na barakoa. Aliandika kwa mwendo wake, herufi baada ya herufi. *Nilijua husikii simu ikilia. Nikadhani unaringa.*

Makosa yalipatikana manne. Mgonjwa mmoja wa miaka thelathini alikuwa ameandikwa themanini, na kumbe alikuwa amekaa nyumbani akijiuliza kwa nini alishauriwa asipande ngazi. Mwingine ndugu wa kupigiwa simu alikuwa ameandikwa mjomba badala ya shangazi, na mjomba huyo alikuwa amefariki zamani. Wa tatu alikosewa mtaa tu. La nne lilikuwa la mtoto mdogo mwenye faili jembamba. Mama yake alikuwa amesema dirishani kwamba dawa za salfa humtoa mtoto malengelenge, na kadi haikuwa na neno hilo. Chapuchapu alipiga simu mara tatu kabla haijapokelewa. Bi Kadi alisimama pale akimtazama machoni, mkono ukiwa kwenye rafu. Mtoto alikuwa amepewa dawa ya kikohozi peke yake. Hajambo, yuko nje anacheza. Chapuchapu alionyesha dole gumba, akaliandika neno *salfa* kwa kalamu nyekundu na kulipigia mistari miwili. Mchana ule Bi Kadi hakuweza kula. Alikwenda kusimama uani karibu na mashuka mpaka saa ya kurudi kazini ilipofika.

Usiku ule ule alimwambia mume wake kila kitu, pamoja na habari za bibi yake na jinsi alivyokuwa akimwigiza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema alimwonya. Mtu anayeshona nguo za wengine miaka thelathini anajua wakati wa kutoongeza mshono.

Daktari wa masikio alifika hospitalini kila Alhamisi. Alimpima Bi Kadi, akamwambia la kushoto limekwenda, la kulia linaweza kusaidiwa. Baada ya wiki chache akapata kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya harage. Watu hudhani kifaa kama hicho humrudishia mtu masikio yake. Mwanzoni kilimletea kelele tu. Viti vikiburutwa vilimkata kama wembe, na ukumbi wa mapokezi ulisikika kama magari yanagongana ndani ya ndoo. Alikivua mara nyingi, na mara nyingi akakivaa tena. Halafu kukawa na taabu nyingine. Kamba za barakoa na kifaa viligombania sikio moja, na kila alipovua barakoa, kifaa nacho kiliruka. Siku moja kilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia, kikapona kwa bahati. Fundi alikata zile kamba, akashona mikanda miwili ya kufungia kisogoni, na sikio likabaki na mpangaji mmoja. Wauguzi wawili waliovaa miwani waliiona, wakaomba na wao washonewe.

Jioni moja nyumbani, kifaa kikiwa kimeanza kuzoeleka, Bi Kadi alisimama mlangoni akimtazama mume wake akishona.

"Cherehani yako inalia," alisema.

Fundi alisimamisha mguu. "Inalia?"

"Inalia kama panya."

"Inalia miaka minne," alisema fundi, na akaenda kutafuta mafuta.

Matroni alimwacha masjala mpaka msimu ukaisha. Bi Kadi hakuota kuvu. Alipanga upya rafu tano na akajifunza kunywa chai polepole. Wakati huo Matroni alibadili taratibu za dirishani kwa makarani wote, wenye masikio na wasio nayo. Karani akimaliza kuandika, humsomea mgonjwa alichoandika, na mgonjwa huweka alama yake pembeni kwamba ni sawa. Swali la dawa zinazodhuru likaulizwa mara mbili, dirishani na kabla ya sindano, kama yule muuguzi alivyokuwa akifanya kwa hiari yake. Ilichukua muda zaidi. Foleni ilinung'unika wiki mbili, ikazoea.

Matangazo yalipobanduliwa na nyuso kurudi, Bi Kadi alirudishwa dirisha namba moja. Na msimu uliofuata, barakoa zilipovaliwa tena, hakuondolewa. Kwenye kioo palibandikwa kibao alichokiandika mwenyewe kwa ule mwandiko wake: *Karani huyu hasikii vizuri. Sema polepole au andika.* Alikiandika mara tatu kabla hajakubali kukibandika, na asubuhi ya kwanza alikaa chini yake kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Watu ni watu. Wapo waliohamia dirisha namba mbili bila kusema neno, wakajutia uamuzi wao baada ya kukaa kwenye foleni ya Chapuchapu. Wapo waliopenda kuandika, wakajaza karatasi nzima kwa habari ambazo hawangezitamka mbele ya watu. Na wapo waliosoma kibao wakakielewa kwa namna yao. Mama mmoja mnene alivuta pumzi, akaeleza shida yake ya haja ndogo kwa sauti iliyofika hadi chumba cha eksirei.

"Mama, polepole inatosha," alisema Bi Kadi, akiandika. "Sasa tunakuombea wote."

Mama alicheka, na benchi la mbele likacheka naye, kisha akasomewa kadi yake kwa sauti ya chini na akaweka alama mahali pake.

Jioni ya siku ile Bi Kadi alitembea hadi nyumbani kwa miguu. Fundi alikuwa amemaliza kazi na kufunika cherehani. Simu ya Bi Kadi iliita mezani, naye akaisikia, akaiinua mwenyewe na kuisogeza upande wa kulia. Alikuwa binti yao, aliyeolewa mbali, ambaye kwa miaka mingi aliandikiana na mama yake ujumbe tu, akidhani mama hapendi simu. Sauti ilikuja ikikatika na kuchanganyika na makelele ya nyumba ya watu.

"Sijapata. Rudia," alisema Bi Kadi.

Binti akarudia. Bado hakupata, akaomba tena, taratibu, neno moja moja. Mara ya tatu ikaingia yote: mtoto ameota jino la kwanza, na anauma kila anachokishika.